Jani la Kwanza

Kabla hajamwona, Boksun alimsikia. Alikuwa amechutama kisimani, mikono imezama hadi viwikoni katika maji yenye baridi ya kung'ata, akizisuuza kabichi zilizolala katika maji ya chumvi usiku kucha, ndipo masikio yake yalipookota mlio wa sepetu ikikokotwa juu ya changarawe. Wanaume wote wa Solgol hubeba sepetu begani. Mmoja tu huikokota, kwa kuwa bega lake la kulia liliumizwa na gogo zamani za ujana wake. Hakuinua macho. Mjane mwenye adabu hainui macho kila asikiapo mlio wa chuma. Lakini kabichi aliyokuwa ameishika aliisuuza tena, kisha tena, nayo ilikuwa imetakata tangu mwanzo.

"Ukizidi kuisugua itakuwa nyeupe kama karatasi," sauti ilisema juu ya kichwa chake. "Umeamkaje, Boksun?"

Hilo ndilo lililokuwa kosa la Mansik, naye hakulijutia: kumwita kwa jina. Katika kijiji kizima hakuna mwingine aliyelitumia jina lile. Kwa majirani alikuwa "mkwe wa Okcheon", kwa sababu mama mkwe wake alizaliwa Okcheon kabla ya kuolewa Solgol. Kwa dada wa marehemu mumewe alikuwa "wifi". Kwa mama mkwe alikuwa "mwanangu", neno tamu lenye uzito wa kufuli. Jongdu, mumewe, alikuwa akimwita "wewe" tu, kama waume wengi wa huko, na sasa alikuwa amelala chini ya misonobari ya mlimani tangu mwaka ule wa mafuriko. Jina la Boksun lilikuwa limeanza kuota kutu, hadi huyu mkulima wa kabichi alipoliokota na kulitamka taratibu, kana kwamba ni kitu chenye thamani.

"Nimeamka salama," alijibu. "Mama yuko ndani anapepeta pilipili. Ukitaka kuonyeshwa pa kuchimba mashimo ya mitungi, mwite."

"Pa kuchimba napajua. Mwaka jana nilichimba mimi. Mwaka juzi pia."

"Basi chimba."

"Nachimba. Mwakani ndipo sitachimba."

Alilijua hilo. Kijiji kizima kilijua. Shamba alilokuwa amelikodi lilitakiwa na mwenyewe, na mjomba wake, mwenye bustani ya matofaa huko Cheongsong, alikuwa amemwita akamsaidie. Angeondoka kesho asubuhi. Ambalo kijiji hakikulijua ni maneno aliyoyasema mwishoni mwa kiangazi, walipokuwa wakikung'uta ufuta wa mama mkwe, kila mtu upande wake wa jamvi. Alisema, "Nataka kula chakula cha mkono wako mpaka nizeeke." Boksun hakujibu. Aliendelea kuupiga ufuta kwa fimbo yake, mpaka maganda matupu yakaruka huku na huko kama panzi.

Mansik aliiegemeza sepetu ukutani, akachutama upande wa pili wa beseni. Sakitu ilikuwa bado haijayeyuka juu ya mapaa, na pumzi zao zilionekana, zikakutana juu ya maji, zikapotea.

"Nilikuuliza jambo wakati wa ufuta," alisema kwa sauti ya chini. "Hukunijibu, na sikukulaumu. Leo nauliza mara ya mwisho, kisha sitakusumbua tena. Huko Cheongsong kuna nyumba. Si kubwa, ila ina jiko zuri, dirisha lake linatazama matofaa."

"Nyamaza, Mansik. Wifi yangu yuko pale barazani."

"Nikinyamaza leo nitanyamaza maisha yangu yote."

Boksun alikamua kabichi kwa mikono miwili, maji yakamiminika. "Wewe mama yako alifariki ukiwa mdogo," alisema. "Hujui mambo haya. Yule mama alimzika mwanawe wa pekee wa kiume. Siku ile tuliporudi kutoka mlimani, mimi nilikaa kizingitini nikashindwa hata kuvua viatu. Yeye aliingia jikoni na kanzu yake ya msiba, akapika wali, akapakua bakuli mbili. Akaniambia, 'Kula, mwanangu. Sasa ni mimi na wewe.' Leo nimwambie nini? Nimwambie nimeshiba?"

Mansik alimtazama usoni kwa muda ambao haukufaa, macho yake yakashuka hadi kwenye vidole vyekundu vya baridi, yakakaa hapo. Kisha akainuka.

"Basi nitachimba mashimo ya kina," alisema. "Walau mitungi ikae vizuri."

Mlio wa sepetu ulizunguka nyumba hadi ukuta wa nyuma. Boksun alibaki na kabichi mikononi, na moyo wake ulikuwa kama chungu kinachochemka chini ya kifuniko kizito: hakimwagiki, lakini hakitulii.

*

Jua lilipopanda, wanawake walikuwa wamekwisha kuketi kuzunguka jamvi la uani. Siku ya kimjang, siku ya kutia kimchi, kabichi ya pilipili inayochachushwa mitungini, ya kuliwa kipupwe kizima, nyumba hazifungwi milango. Jirani humsaidia jirani, na kesho yake hurudishiwa. Katikati ya jamvi kulikuwa na figili zilizokatwa nyembamba kama nyuzi, majani ya haradali, vitunguu vya majani, peasi zilizopondwa, vitunguu saumu na tangawizi, bakuli la uduvi wa chumvi, na pilipili ya unga iliyoanikwa mapaani tangu mwanzo wa vuli. Kwenye jiko la nje nyama ya nguruwe ilitokota taratibu. Juu kabisa ya mti wa gam kulikuwa kumebaki matunda machache, mekundu kama makaa, yaliyoachwa kwa ajili ya ndege.

Mama mkwe, Bibi Okcheon, mwanamke mdogo wa umbo aliyenyooka mgongo kama mche, alikalia mto wake mahali pa heshima. Kulia kwake alikuwa binti yake Gyesuk, aliyekuja na basi la jana kutoka kwa mumewe. Kushoto alikuwa jirani yao Mama Pilho, mnene, mcheshi, ambaye ulimi wake haukupata kulala hata alipolala mwenyewe.

"Figili za mwaka huu tamu," Mama Pilho alisema huku akitafuna. "Tamu kuliko mume wangu."

"Mumeo amewahi kuwa mtamu lini?" Gyesuk aliuliza.

"Ndiyo maana nikasema kuliko."

Hata Bibi Okcheon alitabasamu. Boksun alicheka pamoja nao, kisu chake kikiendelea kukata vitunguu.

"Mnajua Mansik anaondoka kesho?" Gyesuk alisema. "Nimesikia kwenye basi kwamba mjomba wake amemtafutia na mchumba huko huko. Mwalimu wa shule. Wanasema ana miguu mizuri sana."

"Miguu haichanganyi kimchi," alisema Mama Pilho.

"Atafundishwa."

"Nani, huyo mwalimu? Mwalimu hafundishiki, mama. Muulize shemeji yangu."

Kisu cha Boksun kilikuwa kimesimama. Alikitazama kama mtu aliyesahau kinavyotumika. Mwalimu. Miguu mizuri. Jiko lenye dirisha linalotazama matofaa, na mwanamke mwingine amesimama hapo asubuhi, akiinua kifuniko cha chungu, mvuke ukimpanda usoni, na mtu akiingia mlangoni nyuma yake akikokota sepetu. Aliiona picha hiyo yote, hata rangi ya kifuniko.

"Vitunguu vinakuliza, mwanangu," mama mkwe alisema.

"Ndiyo, Mama. Vikali mwaka huu."

"Weka kisu. Mkono wangu umechoka, viungo vinauma. Mwaka huu changanya wewe."

Neno hilo halikuwa dogo. Ladha ya nyumba hukaa katika mkono wa anayechanganya. Bibi Okcheon aliupokea mkono huo kwa mama mkwe wake, ambaye naye aliupokea kwa wake, na hakupata kumwachia mtu tangu hapo. Gyesuk alimtazama mama yake, akafungua kinywa, akakifunga. Boksun aliinama, akaosha mikono, akakunja mikono ya blauzi hadi juu ya viwiko, akapiga magoti mbele ya beseni kubwa.

Alimimina pilipili, akaingiza mikono. Rangi nyekundu ilimpanda vidoleni, viganjani, mikononi. Aligeuza na kukanda, akanyunyiza uduvi, akageuza tena, mpaka harufu ikanyanyuka, harufu ya bahari na ya shamba kwa pamoja, ile ambayo ikimfikia mtu wa Solgol popote alipo humkumbusha kwao. Mama Pilho alimeza mate kwa kelele. Bibi Okcheon alisukutua kinywa kwa maji ya shayiri, akajiweka sawa juu ya mto. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Jani la kwanza ni la mkubwa wa nyumba. Mchanganyaji huchuma jani changa la ndani ya kabichi, lile la manjano, hulijaza, hulikunja, na kwa mkono wake mwenyewe humtia mzee kinywani, na mzee husema kama chumvi imekolea. Hadi hapo hakuna mwingine aonjaye, hata awe mfalme.

Boksun alichuma jani la manjano. Alilijaza kwa uangalifu, akalikunja likawa kama kifurushi kidogo.

Wakati huo Mansik alitokea pembeni ya nyumba, matope yamempanda hadi magotini, kofia mkononi, jasho likifuka katika baridi.

"Samahani, Mama," alimwambia Bibi Okcheon. "Mitungi ni mitatu au minne?"

Alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwenye beseni. Aliinama kidogo, kwa heshima, ili asizungumze na mzee kutoka juu. Uso wake ulishuka ukawa karibu na uso wa Boksun.

Asije mtu akasema alikusudia. Kuna mambo ambayo mkono huyafanya kwa kuwa umekwisha kuyafanya mara nyingi katika fikira. Kila alipopika tangu kiangazi, kila alipoonja mchuzi kwa ncha ya kijiko, alikuwa na kinywa kimoja akilini mwake. Mkono ulitangulia, akili ilifika baadaye, kama mgeni aliyekosa basi. Aliinuka juu ya magoti, mkono wa kushoto ukaenda chini ya ule wa kulia kukinga matone, na jani la kwanza akamtia Mansik kinywani.

Naye Mansik alikifungua. Hilo nalo lazima lisemwe.

Nyama ilisikika ikitokota. Ndege mmoja alidonoa tunda juu ya mti, akaruka. Boksun aliutazama mkono wake mwekundu uliokuwa bado hewani, akaanza kuelewa, na damu ikamshuka usoni hadi miguuni. Mbele yake mama mkwe alikuwa amekaa vilevile, mgongo umenyooka, na midomo yake iliyokuwa imefunguka kidogo kwa kungoja ikafungika polepole.

"Wifi," Gyesuk alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Umefanya nini?"

"Nime... sikujua..."

"Mama yuko hapa. Mama amekaa hapa, kinywa kitupu, na wewe unamlisha mwanamume wa kupita njia? Mkono uleule aliokupa sasa hivi? Kaka yangu yuko mlimani pale, kaburi lake linaonekana ukisimama mlangoni, na wewe..."

"Gyesuk," Bibi Okcheon alisema.

"Hapana, Mama, niache. Nilikuwa nasikia maneno huko kwangu nikasema ni uzushi. Kumbe nimejionea. Haya, Mansik, meza basi. Au unataka na maji?"

Mansik alimeza. Kisha akapiga magoti katika matope ya ua, kofia kifuani.

"Kosa ni langu, Mama," alimwambia mzee. "Mimi ndiye niliyefungua kinywa. Nilimwomba awe mke wangu tangu wakati wa ufuta. Yeye hajafanya lolote la aibu. Hajanipa hata jibu."

"Mpaka sasa hivi," Mama Pilho alinong'ona, akajifanya anakohoa.

Boksun alikuwa ameinama, paji la uso likikaribia kugusa jamvi. Alitamani mojawapo ya mashimo yale ya nyuma ya nyumba limpokee. Hata hivyo, katikati ya aibu ile, moyo wake ulifanya jambo la ajabu: ulitulia. Kile alichokuwa amekificha chini ya kifuniko kilikuwa sasa kimemwagika mbele ya watu, wala hakikuweza kurudishwa.

"Na mimi," Bibi Okcheon alisema, "bado sijaonja."

Walimtazama.

"Mwanangu. Nasema sijaonja. Nimesukutua kinywa bure?"

Boksun alichuma jani jingine. Figili zikamdondoka, akaziokota, akalikunja upya. Akaliwasilisha kwa mikono miwili. Mzee alifungua kinywa, akalipokea, akatafuna. Alitafuna kwa muda mrefu sana, macho yake yameelekea ukutani, na hakuna uso uliowahi kusomeka kwa shida kama ule.

"Chumvi imepungua kidogo," alisema hatimaye. "Mansik. Wewe umeionaje?"

Mansik aliinua kichwa. "Sijui, Mama. Nilimeza bila kuonja."

Mama Pilho alishindwa. Kicheko kilimtoka kikamtikisa mwili wote, akaficha uso katika aproni. Gyesuk alimtazama kwa ghadhabu. Bibi Okcheon hakucheka, lakini mkunjo mmoja kwenye pembe ya jicho lake ulisogea.

"Ongeza uduvi," alimwambia Boksun. "Na wewe, kijana, inuka, unaloa. Mitungi ni minne. Tuendelee. Kabichi hazingojei mtu alie kwanza."

*

Kazi iliendelea, na ilikuwa kazi ya kimya. Jani kwa jani walizipaka kabichi, wakazikunja, wakazipanga. Nyama ikapakuliwa na kuliwa pamoja na kimchi mbichi, kama ilivyo desturi, na Mansik alikula chake peke yake karibu na mashimo, amewapa mgongo. Boksun hakumeza hata tonge moja. Gyesuk alimpitishia chumvi bila kumtazama.

Alasiri, mitungi ilipokuwa imekwisha kuzikwa hadi shingoni na majirani wamekwenda zao, mama mkwe alimwita nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, akiweka kokoto juu ya vifuniko vya mitungi.

"Tangu lini?" aliuliza.

Boksun alipiga magoti kando yake. Hakuona faida ya uongo. "Sijui siku yenyewe, Mama. Siku moja nilipokuwa natia mchele chunguni, nikaona nimetia na wa Mansik. Nikaurudisha. Kesho yake tena. Nikaurudisha. Baadaye nikaacha kuurudisha."

"Ndio ule wali niliokuwa nikila kiporo kila asubuhi."

"Ndiyo, Mama."

"Nilifahamu." Mzee aliweka kokoto nyingine. "Unadhani mimi nimepika miaka yote hii halafu nisijue wali wa watu wawili na wali wa watu watatu? Nilikula kiporo nikanyamaza. Nilijua nikisema, utaondoka. Basi nikawa mlafi wa kiporo."

Boksun alifunika uso kwa mikono. Pilipili iliyobaki viganjani ikamchoma macho, akaona ni halali yake.

"Gyesuk anataka nikuzuie," Bibi Okcheon aliendelea. "Naweza. Nikikwambia 'baki,' utabaki, nakufahamu. Utabaki, utanipikia, utanizika vizuri, na kila siku utautia mchele na kuurudisha." Aliokota kokoto nyingine. "Mtu hawezi kumtendea mwanawe hivyo. Mkwe, labda. Wewe hukukaa hapa kama mkwe."

"Mama..."

"Ngoja, sijamaliza. Ninaomba kitu. Kimchi hii tumeitia kwa ajili ya vinywa viwili, mimi na wewe. Kipupwe ni kirefu na mimi sijui kula peke yangu; nilijifunza mengi, hilo sikujifunza. Nipe kipupwe hiki. Mtungi wa mwisho ukionyesha sakafu yake, aje akuchukue. Aje mchana, kwa mlango wa mbele, amevaa vizuri, watu waone. Sitaki mtoto wangu atoke kwangu kama paka."

"Na wewe, Mama? Baada ya hapo?"

"Gyesuk ana nyumba. Nami nina miguu. Nitakwenda au sitakwenda. Hilo usinichagulie." Aliinuka kwa shida, akimshika Boksun bega. "Kamwambie. Mwambie mbele ya lango, usiende mbali, wifi yako anachungulia dirishani. Mwache achungulie. Atazoea."

Mansik alikuwa akiifunga sepetu kwenye mzigo wake. Alipomwona akija alisimama wima kama mshtakiwa. Boksun alisimama mbali naye kadiri adabu ilivyotaka, akamweleza yote, mtungi wa mwisho, mchana, mlango wa mbele. Alipomaliza, Mansik aligeuka akautazama ukuta wa nyuma ya nyumba kwa masikitiko makubwa.

"Minne," alisema. "Ningejua, ningesema ardhi imekuwa ngumu. Ningechimba mashimo mawili."

Boksun alicheka. Kicheko kilimtoka pamoja na machozi, akakizuia kwa kiganja.

"Huwa inakwisha lini?" Mansik aliuliza.

"Wakati wa kupanda viazi. Mwaka mwingine huchelewa."

"Mwaka huu isichelewe. Kula sana, Boksun. Nakuomba. Kula kwa ajili yangu."

"Na mwalimu mwenye miguu mizuri?"

"Mwalimu gani?"

Alimtazama machoni, akaona kweli hajui, na furaha iliyomjia ilikuwa kali kama tangawizi. "Basi," alisema. "Safari njema. Bega lako lifunge, huko kuna baridi."

Boksun alitamani kumgusa. Mansik pia alitamani. Mkono wake uliinuka kidogo kutoka pajani, ukarudi. Dirishani pazia lilitikisika. Kesho yake, basi la asubuhi lilipopiga honi barabarani, Boksun alikuwa jikoni, na aliusikiliza mlio wake ukipanda mlima, ukipungua, hadi ukabaki mlio wa chungu peke yake.

*

Theluji ilianguka mapema. Walipoufungua mtungi wa kwanza, kimchi ilikuwa imeiva barabara, kali, yenye baridi, na kokoto za juu ya kifuniko zilikuwa zimegandamana na barafu. Jioni hiyo wanawake wawili waliketi wakitazamana juu ya meza fupi, kati yao sahani moja.

Boksun alikula. Hakuwa mlaji mkubwa maishani mwake, lakini tonge la wali alilifuatisha kipande, na kipande alikifuatisha kingine. Huko Cheongsong matawi ya matofaa yalikuwa matupu, na mtu mmoja chini yake alikuwa akihesabu siku bila kuwa na cha kuhesabia. Boksun aliharakisha vijiti.

Kisha aliinua macho. Mama mkwe wake alikuwa amechukua kipande kidogo, cha ukubwa wa ukucha. Alikiweka juu ya wali, akakitazama, na kwa ncha za vijiti akakipasua katikati. Nusu moja akaila na tonge kubwa la wali, akitafuna polepole. Nusu ya pili akaiacha kando ya bakuli, ya tonge lijalo.

Vijiti vya Boksun vilisimama hewani. Shavu lake lilikuwa limejaa. Alimeza kwa taabu. Upepo uliisukuma theluji juu ya karatasi ya dirisha.

Hatimaye Boksun alishika kipande kirefu kuliko vyote sahanini, jani zima kutoka shina hadi ncha. Alilichana kwa vidole, kama mama anavyomchania mtoto, akaliweka lote juu ya wali wa mzee.

Bibi Okcheon aliutazama mlima ule mwekundu bakulini mwake. Alimtazama mkwewe. Alielewa kila kitu kilichokuwa ndani ya ukarimu ule, upendo wake na haraka yake, na hakuweza kuvitenganisha, wala Boksun mwenyewe hakuweza.

"Mjanja wewe," alisema.

Akainama juu ya bakuli lake, akaula mlima wote.